Siku Nne na Ngadich

Agosti ya Lavington ni mwezi wa sweta. Ukungu hulala juu ya mikaratusi ya Barabara ya James Gichuru mpaka saa nne, maji ya mfereji yanauma vidole, na askari wa getini petu huwasha makaa ndani ya mkebe wa rangi. Huyo askari ndiye aliyeniponza. Kwao ni kusini mwa Ziwa Baringo, ni mtu wa Il Chamus. Nilipomwambia nataka kumpeleka mpwa wangu akaone uvuvi wakati wa likizo, alicheka mpaka akaegemea lango.

"Mzee, nyinyi huku mnavua kwenye friza ya supamaketi," akasema. "Nenda kwetu. Utavua ukiwa umeyakalia maji."

Nilidhani ni msemo tu.

Mogotio

Njia ya kufika Nakuru kila Mnairobi anaijua, siisimulii. Safari ya Baringo huanza unapoipa Nakuru kisogo na kushika kaskazini, na dalili ya kwanza ni sweta kuvuliwa. Bonde la Ufa linateremka polepole, hewa inakauka, mahindi yanaupisha mkonge. Pale Mogotio mkonge umejipanga safu kwa safu kama askari wa gwaride, na karibu nao kuna kibao cha ikweta. Mpwa wangu, kijana wa miaka 14 asiyeiweka simu chini, alisimama mguu huku mguu kule, akapiga picha, kisha akasema, "Anko, si joto ni lilelile pande zote?" Ni kweli. Nilimnunulia soda.

Baada ya hapo ni asali. Inauzwa kando ya barabara katika chupa zilizowahi kubeba vinywaji vya namna nyingine kabisa, nyeusi kama chai ya rangi, na ukiionja unapata ladha ya moshi wa warinaji. Wauzaji watakuapia kwa baba na mama kwamba ni safi. Mimi huchagua chupa yenye vipande vya nta na mguu wa nyuki ndani, kwa sababu hakuna mlaghai atakayejisumbua kutia mguu wa nyuki. Nilinunua mbili. Moja haikufika Marigat.

Marigat ni mji wa vumbi wenye kijani kisichotarajiwa pembeni: mashamba ya Perkerra, yanayonyweshwa kwa mifereji iliyoanza kuchimbwa mwaka 1954 kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Nje ya mashamba hayo, kijani kingine ni mathenge. Mti huu uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa na utoe kuni. Jangwa uliliweza, kisha ukaendelea na malisho, njia na mabwawa. Maganda yake ni matamu, mbuzi huyapenda, na sukari ile hukaa kwenye meno mpaka yakaoza na kung'oka. Mwaka 2006 watu wa Il Chamus walimpeleka Nairobi mbuzi kibogoyo, akasimama mahakamani kama kielelezo katika kesi yao dhidi ya serikali. Wakenya wengi tuliicheka picha ile magazetini. Nilipowaona mbuzi wenyewe Marigat, wakiguguna bila kutafuna, sikucheka.

Kampi ya Samaki

Ziwa lilitutokea ghafla, na halikuwa la buluu. Ziwa Baringo lina rangi ya chai ya maziwa, kwani mto Molo, Perkerra na vijito vya milimani hushusha ndani yake udongo wa vilima vilivyolishwa kupita kiasi. Hata hivyo maji yake ni matamu. Jirani yake Bogoria ni magadi matupu, na Nakuru vivyo hivyo. Baringo haina mto hata mmoja unaotoka lakini haijageuka chumvi. Wanajiolojia wanaamini kwamba maji hupenya kwenye nyufa za miamba upande wa kaskazini na kuendelea na safari yao chini ya ardhi. Jina lenyewe, wenyeji wanasema, ni "mparingo", yaani ziwa. Kwa hiyo tunaposema Ziwa Baringo tunasema Ziwa Ziwa, na halioni haya.

Ufukweni niliona paa za mabati zikichungulia kutoka majini, na mgunga uliokufa umesimama wima mbali na nchi kavu, mnandi wamejaa juu yake wakianika mabawa. Tangu 2010 hivi ziwa hili limekuwa likipanda. Kwa hesabu ya wataalamu wa serikali, eneo lake lilikuwa kilomita za mraba 130 hivi wakati huo. Miaka kumi baadaye lilikaribia 200. Hoteli zimo humo, zahanati zimo, shule zimo, na mashamba ya watu. Kwetu Lavington ukimwuliza mtu utajiri wake atakuonyesha hati ya ploti. Hapa nilikutana na watu walio na hati kavu kabisa, ila ploti inaogelewa na viboko.

Mzee aliyetupokea ni ndugu wa babake yule askari. Alitukuta tumesimama mbele ya kitu kilichoegeshwa juu ya jiwe kama mkeka unaoanikwa.

"Anko," mpwa wangu akaninong'oneza, "hii ni boti ama ni karai?"

Hiyo ndiyo ngadich. Niieleze vizuri, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Imetengenezwa kwa fito za mti mmoja unaoota kwenye kinamasi, mwepesi kama kizibo. Ukiubonyeza kwa kucha unabonyea. Fito hukatwa, zikakaushwa, zikalazwa sambamba, zikafungwa kwa kamba. Nyuma zimekatwa butu, mbele zinachongoka na kukunjwa juu kama ncha ya kiatu cha sultani. Pembeni huongezwa fito nyingine ziwe kingo. Urefu wake haumzidi sana mtu mzima aliyelala. Hakuna msumari, hakuna kalafati, hakuna lami. Kati ya fito na fito unaona mchanga uliopo chini.

"Mzee, si maji yataingia?" kijana akauliza.

"Yataingia."

"Sasa si itazama?"

"Haiwezi kuzama," mzee akamjibu bila kutabasamu. "Imeshazama."

Na ndivyo ilivyo. Dau au mashua ya mbao huelea kwa kuyakataa maji. Pasua ubao mmoja tu, umekwisha. Ngadich inayakaribisha ndani, ikaelea kwa wepesi wa mti wenyewe. Unakaa miguu umeinyosha mbele, matako majini, na yule askari wa Lavington anakuwa amesema kweli tupu. Unapiga makasia mawili madogo, moja kila mkono, mapana kama sahani. Ya mzee yalikuwa ya mbao yaliyong'aa kwa kushikwa. Yetu yalikuwa vipande vya mtungi wa plastiki, na ya mpwa wangu bado yalikuwa na nusu ya jina la mafuta ya kupikia.

Adui wa ngadich ni kulowa kupita kiasi. Ikiachwa majini siku nyingi mti hunywa maji, ukawa mzito, ukaoza. Kwa hiyo mvuvi makini ana mbili: moja inafanya kazi, nyingine imelala juani. Mzee alizigongagonga zote kwa kifundo cha kidole kama anayenunua tikiti maji, akaishusha majini iliyolia. Iliyonyamaza akairudisha juu ya jiwe.

Jioni hiyo tulijifunza kupiga makasia karibu na ukingo. Niseme tu kwamba nilizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa, na watoto wa pale hawajapata burudani ya bure kama ile tangu shule zifungwe.

Ol Kokwe

Siku ya pili tulivukia kisiwa kikubwa, Ol Kokwe, kwa boti ya injini, ngadich tatu zikiburutwa nyuma kwa kamba kama ndama. Mzee angevuka kwa makasia na kufika kabla jua halijachoma. Ni sisi tulioaibisha msafara.

Kisiwa ni mabaki ya volkano, mawe meusi na migunga, na sehemu fulani ardhi inafuka mvuke. Watu wanaishi humo na mbuzi wao. Il Chamus ni Wamaa, lugha yao inasikilizana na Kisamburu, lakini wameshika mambo mawili ambayo wengi wa Wamaa wenzao waliyadharau kwa muda mrefu: samaki na jembe. Karne ya 19 walikuwa na mifereji yao ya kumwagilia nafaka kusini mwa ziwa, na nafaka hiyo ndiyo iliyowafanya wajulikane hadi Pwani.

Hapa msomaji wa Mombasa au Tanga atanivumilia, maana Baringo ni yake pia. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Pangani ilikuwa ikipiga kambi hapa miezi kadhaa, wapagazi wakila nafaka ya Il Chamus huku matajiri wakiwinda ndovu kaskazini. Joseph Thomson, Mskoti ambaye vitabu vya shule vinamsifu kwa kupenya nchi ya Wamasai mwaka 1883, alipita akiwa ameandamana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia. Miaka michache baadaye Teleki na von Höhnel nao walipiga kambi hapa kabla ya kwenda kulibandika Ziwa Turkana jina la mwana wa mfalme wao. Misafara iliita vijiji hivi Njemps Ndogo na Njemps Kubwa. Mpaka leo kuna kata inayoitwa Ng'ambo, Kiswahili safi katikati ya Wamaa, na yenyewe maji yameifuata.

Usiku tulitega. Tilapia wa Baringo ni mdogo, wa aina yake peke yake, hapatikani katika ziwa jingine; huvuliwa kwa nyavu. Lakini usiku ni wa ndoano na kamongo. Huyu si mwenyeji: aliletwa kutoka Ziwa Viktoria miaka ya 1970, akapapenda. Ni samaki mrefu kama mkono wa mtu, mwenye mapezi kama nyuzi na mapafu. Ndiyo, mapafu. Huja juu kuvuta hewa.

Mpwa wangu alikuwa kwenye ngadich yake, amefungwa kwa kamba kwenye ya mzee, na kwa mara ya kwanza tangu Nairobi simu ilikuwa imebaki nchi kavu. Hakukuwa na mwezi. Nikasikia kando yangu mtu akishusha pumzi, puu, kama aliyeweka chini gunia. Nikaita, "Wewe, umechoka?" Kijana akajibu kutoka upande mwingine kabisa, kwa sauti ndogo, "Anko, si mimi."

Mzee akavuta kamba taratibu. Kamongo hapigani kama samaki, anajipinda kama nyoka na ana taya zinazoweza kuondoka na kidole. Alipigwa rungu moja kabla ya kuingizwa, na hata hivyo akaendelea kupumua miguuni pa mzee, puu, puu, kwa muda nisiotaka kuukumbuka. Wanunuzi humkausha kwa moshi na kumpeleka mbali. Mzee mwenyewe hamli. "Samaki anayepumua kama mimi," akasema, "tutakuwa na mjadala."

Tulikula tilapia. Nieleze mlo huo kwa sababu ni wa aina moja tu: samaki kapasuliwa mgongoni, kapakwa chumvi, kabanwa kati ya vijiti viwili na kusimamishwa kando ya makaa, si juu yake. Ngozi inakauka ikawa kama karatasi, nyama inabaki na maji. Ugali mgumu, ndimu tuliyotoka nayo Nairobi, basi. Asali ile ya pili ilifuata, tukiilamba vidoleni. Nimekula samaki wa bei kubwa huku Nairobi, wamelazwa juu ya majani nisiyoyajua. Hakuna hata mmoja ninayeweza kukumbuka alikuwa na ladha gani.

Longicharo

Siku ya tatu tulielekea upande wa mashariki, nchi ya hifadhi ya Ruko, inayoendeshwa na Il Chamus na Wapokoti pamoja. Jamii hizi mbili zimeibiana mifugo na kuzikana kwa miaka mingi, kwa hiyo hifadhi ya pamoja si jambo la kawaida. Mwaka 2011 waliletewa twiga wawe urithi wao, wakawekwa Longicharo. Wakati huo ilikuwa rasi. Ziwa likapanda, rasi ikawa kisiwa, kisiwa kikaanza kusinyaa, na twiga tisa wakabaki juu yake wakihesabiwa majani. Kuanzia Desemba 2020 walivushwa juu ya jahazi la chuma lililoelea kwa mapipa matupu, wa mwisho wakavuka Aprili 2021. Hebu fikiria twiga amesimama katikati ya ziwa, kichwa juu ya kila kitu, akisukumwa na viboti. Mzee alikiona kisa hicho kwa macho yake na bado hakiamini.

"Walifikiri wamewavumbulia twiga kitu kipya," akasema, akigonga ubavu wa ngadich. "Mapipa yanaelea kwa sababu ni mepesi. Kama hii."

Tulipokuwa tukirudi kando ya ukingo, aliinua kasia, ishara ya kunyamaza. Mbele yetu, mita kama thelathini, masikio mawili na macho mawili. Kiboko. Ukiwa ndani ya boti ya injini kiboko ni picha. Ukiwa umekaa ndani ya maji yaleyale aliyomo yeye, kiuno chako sawa na pua yake, ni jambo jingine. Mzee hakukimbia. Alianza kugonga fito kwa kasia, ko, ko, ko, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani. Kiboko hukasirishwa na kushtukizwa, alitueleza baadaye. Mwambie uko hapa na unapita wapi. Masikio yalipotea. Tukangoja. Yakatokea kulia, mbali kidogo, na tukapita kushoto. Mikono yangu ilikuwa imeota malengelenge tangu asubuhi lakini hapo sikuyasikia.

Mahali pamoja, maji yakiwa yametulia, alisimamisha ngadich na kutumbukiza mkono mpaka begani. Akagusa kitu chini. "Mwimo wa mlango," akasema. Ilikuwa nyumba ya kakake. Mpwa wangu akaomba naye aguse. Akagusa, hakusema neno mpaka tulipofika.

Kinamasi

Asubuhi ya mwisho tulishuka kusini, kuelekea mto Molo unapomwaga maji, kukata fito. Miti ya ngadich huota hapo, maji yakiwa kiunoni, na maua yake ni ya manjano. Mzee alilalamika kwamba maji yakipanda haraka mti huzama kabla haujanenepa, na sasa huenda mbali zaidi kila mwaka kutafuta wa kutosha. Vijana nao wanataka boti ya mbao au ya faibaglasi, yenye injini, na siwalaumu. Mwenye kulipia karo hawezi kukaa anagonga fito kusikia kama zimekauka.

Alituonyesha kazi nyingine ya mti huo. Alichukua tilapia mdogo, akamtia kinywani kipande cha mti kisichozidi kidole ili asizame, akapiga mluzi na kumtupa juu ya maji. Juu ya mgunga uliokufa furukombe aliinua kichwa cheupe. Alikuja chini bila kupiga bawa hata mara moja, kucha mbele, akamchukua samaki kana kwamba anaokota leso iliyomwangukia, na maji hayakuruka. Mpwa wangu hakupiga picha. Nilipomwuliza sababu, alinyoosha mikono yote miwili: kila mmoja ulikuwa na kasia.

Kipande cha mti ule kiko sasa dirishani kwangu Lavington. Askari alikipokea kwa mikono miwili, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akakisikiliza, akanirudishia. "Bado kibichi," akasema. "Kiweke juani." Jua lenyewe bado hatujaliona wiki ya pili sasa.

Nawe ukifika Kampi ya Samaki, boti za injini zitakuita kwa majina yote, na ni boti nzuri, zitakuzungusha ziwa zima kabla ya chakula cha mchana. Zipite kwanza. Tembea ufukweni mpaka uone ngadich iliyoanikwa juu ya jiwe, umwulize mwenyewe ni lini ilitoka majini. Akikuambia jana, ngoja kesho.